Kadi ya biashara ya sabuni za mwani: anza na atakayeipokea

Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeuliza kadi ya duka lako la sabuni za mwani huko Jambiani, Unguja, iweje, na umesema unataka mbele pakae jahazi, mlango wa Mji Mkongwe, mkarafuu na jua linalozama, maandishi yawe ya dhahabu. Mie kazi yangu ni kutengeneza kadi za wenye maduka, mafundi na watembeza wageni hapa Mjini, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu bidhaa yako ina sura yake yenyewe. Nitasikitika ikipotea ndani ya kadi inayofanana na za watu wote.

Jahazi, mlango na machweo vimeshajaa kwenye kadi za teksi, hoteli na maduka ya vinyago, kuanzia Nungwi mpaka Kizimkazi. Wewe una mwani. Chora kamba moja iliyonyooka, kama zile za kulimia mwani, ivuke kadi kutoka ukingo huu mpaka ule, kigingi huku na kigingi kule, na shada moja la mwani limefungwa katikati. Basi. Jina la duka chini yake, kwingine kote paachwe peupe. Mgeni aliyetembea pwani maji yakiwa yamekupwa ameviona vigingi vile kwa macho yake, kwa hiyo ataikumbuka kadi yako hata akishafika kwao. Rangi zitoshe mbili: nyeusi ya maandishi, na kijani kilichoingia ukahawia cha mwani wenyewe.

Dhahabu iache. Ile inayong'ara hupigwa kwa joto kwa karatasi maalumu ya madini, na gharama yake ni ya peke yake. Ukiichapa kwa wino wa kawaida hutoka njano iliyochafuka. Sonara ana sababu ya kuilipia, wewe huna.

Sasa karatasi, na hapa ndipo wengi wanapojutia pesa zao. Fikiri nani ataishika: mtu ametoka kujaribu mafuta ya nazi mkononi, ataitia kadi kwenye mkoba wa pwani pamoja na taulo bichi, na huenda akataka umwandikie nyuma jina la sabuni aliyoipenda. Laminesheni ya kung'aa, yaani utando wa plastiki, huzuia maji, lakini kalamu haikamati juu yake. Ukiweka laminesheni upande mmoja tu, upande wa pili hunywa unyevu, na kwa hewa yetu ya masika kadi hujikunja sandukuni kabla hujaigawa. Ushauri wangu kwako ni karatasi isiyopakwa kitu, ya gramu 350 kwa mita ya mraba, pande zote mbili. Doa la mafuta litaingia kwa baadhi, ni kweli, lakini uandikikaji wake unakufaa zaidi.

Nambari ya simu ianze na +255, maana mgeni atakutafuta WhatsApp akiwa nje ya nchi. Andika Jambiani pamoja na mtaa, Kikadini au Kibigija, kwani kijiji chenu kirefu. Herufi zisishuke chini ya pointi 8, na zile hati nyembamba za kujipinda uzitumie kwa jina la duka tu, kamwe si kwa nambari. Maandishi madogo yachapwe kwa wino mweusi mtupu. Yakichanganywa wino zote nne za mashine, karatasi ikisogea kidogo tu kwenye mashine kila herufi hutoka na kivuli chake. Msimbo wa QR uukuze kufikia sentimita 2, uwe wa rangi nzito juu ya nyeupe, na uachiwe nafasi tupu pande zote. Ukiubananisha na picha, simu nyingi zitashindwa kuusoma.

Umetaja pia pindo kama la kanga kuzunguka kadi. Kwenye nguo linapendeza, kwenye kadi ni mtego: kisu kikihama milimita 1, pindo hutoka nene kushoto na jembamba kulia, na jicho hulikamata papo hapo. Kamba yako yenyewe, kwa kuwa inafika ukingoni, irefushwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia kila upande, na maandishi yakae angalau milimita 4 au 5 ndani.

Kipimo ni milimita 85 kwa 55, hukaa vizuri kwenye pochi za wageni wengi wa Ulaya. Peleka faili la PDF lenye rangi za CMYK, yaani zile wino nne za kuchapia, kwani kijani cha kwenye skrini hupoa kikifika karatasini. Omba wakuchapie moja juu ya karatasi ileile, uitazame juani, uandike nyuma kwa kalamu yako ya dukani, kisha ndipo uagize mia moja. Ukipata mchoro wa mwanzo uweke hapa, nitautazama inshallah.