Jibu: Soketi ya jikoni inachemka na kutoa harufu

Mkuu, kwa ulivyoeleza, soketi inachemka ukichomeka jagi la umeme na jikoni kunanuka kama samaki walioharibika, usiitumie tena hata leo usiku. Zima breka ya soketi za jikoni na uiache imezimwa. Hiyo ni harufu ya plastiki inayoungua, si panya aliyefia darini.

Jagi la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9, na soketi nzima ya ampea 13 inabeba hilo bila shida. Mara nyingi tatizo ni skrubu iliyolegea nyuma. Waya unagusa kidogo tu, pale panapogusa panapata joto, shaba inakuwa nyeusi, joto linazidi. Ndiyo maana breka haijakata: mkondo haujazidi, kinachoungua ni kiungo. Fundi akifungua, huenda ukaona ganda la waya limekauka na linamomonyoka. Aukate mpaka afike kwenye shaba safi, na soketi aweke mpya, asiirudishie ile.

Umeuliza dalili nyingine. Taa kufifia kidogo friji inapoanza kunguruma, hilo la kawaida. Lakini kwenye nyumba ya fezi tatu (inayoingiza nyaya tatu zenye umeme), taa za chumba kimoja ziking'aa kupita kiasi huku za kingine zikififia, nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imeachia: zima meinswichi, wapigie TANESCO. Ukipigwa na umeme kwenye bomba au mwili wa friji, usiguse tena. Kuna umeme unaovuja na eathi, waya wa kuupeleka ardhini, haifanyi kazi. Fundi akija, muombe kwanza leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji.