Usimvalishe mtu miwani kisha ukamwacha hivyo hivyo

Mara ya kwanza nilipowaonyesha vijana maisha ya wakimbizi kwa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayokuzungushia filamu pande zote hata ukigeuka unaona kilicho nyuma yako, nilichagua filamu yenye milipuko. Nilidhani kishindo ndicho kitakachowagusa. Kijana wa kwanza alivua miwani huku anacheka: "Kama gemu vile!" Wa pili alikimbilia nje kutapika. Kamera ilikuwa inakimbia, yeye amekaa. Macho yanaona mwendo, sikio la ndani linasema tumetulia, na tumbo ndilo linaloadhibiwa.

Siku hizi naanza na Clouds Over Sidra, filamu ya Umoja wa Mataifa iliyoonyeshwa kwenye mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani huko Davos, Uswisi, mwezi Januari 2015. Haifiki dakika 10. Binti wa miaka 12 kutoka Syria anakutembeza kambi ya Zaatari, Jordan: darasani, kwenye tanuri la mikate, uwanjani wasichana wakicheza mpira. Mabomu hayaonekani. Mpe mtazamaji kiti cha kuzunguka, si sofa, la sivyo atakodolea mbele tu kama anayetazama televisheni na kambi nzima iliyo nyuma yake itampita. Na futa lenzi kila anapovua mtu, tafadhali.

Niliwahi kumwona mama mmoja akiinua mkono kumpungia mtoto aliyeisogelea kamera. Mkono ukabaki hewani. Akaushusha taratibu, akaupakata.

Mtu akishavua miwani, nyamaza kidogo. Hapa ndipo nilipokuwa nikiharibu: nilikuwa nauliza "Umejisikiaje?", najibiwa "Inasikitisha", mazungumzo yanaishia hapo. Sasa nauliza, "Nyuma yako kulikuwa na nini?" Mtu anaanza kukumbuka nani alikuwa wapi, akifanya nini, na maswali yanakuja yenyewe. Mbona hawarudi kwao? Wameishi pale muda gani? Jiandae kuyajibu. Zaatari ilifunguliwa Julai 2012. Mwache msikilizaji apige hesabu mwenyewe.

Chris Milk, mmoja wa walioitengeneza filamu hiyo, aliusifu uhalisia pepe kuwa mashine ya kutufanya tuhisi ya wenzetu. Hilo neno "mashine" linanikera. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na dakika 10 si kulala, ni kukalia ukingo tu. Ndiyo maana simruhusu mtu aseme, "Sasa najua ukimbizi ulivyo."

Rafiki yangu aliyeishi kambini kwa miaka aliomba kuivaa. Nilisita, na wewe usite: aliyekimbia vita asivalishwe miwani kabla ya kuambiwa atakachokiona. Nilimweleza, akakubali. Akazungusha shingo huku na huku, akaivua.

"Ni kwenyewe," akasema. "Ila humu hamna kungoja."

Nikamwomba awaeleze vijana huko kungoja. Walimsikiliza mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi. Ratiba yangu sasa ni miwani dakika 10, yeye dakika 40, na namlipa kama ninavyomlipa anayenikodisha miwani.