Kitanda kimoja, watu wanne: maswali yenu kuhusu kulala na watoto

Tangu niandike kuhusu kunyonyesha usiku, maswali yenu yote yamehamia kitandani. Nitasema msimamo wangu mapema, mtu asije akasoma mpaka mwisho akiutafuta: kulala na mtoto si dhambi wala si ushamba. Ila usiulize tu kama kitanda kimoja kinafaa. Uliza ni nani wamo, mtoto ana umri gani, na wakubwa wamekunywa nini. Haya hapa maswali yenu, na jibu langu linafuata kila moja.

Ninaishi Kondele, Kisumu, chumba kimoja, kitanda cha nne kwa sita. Mtoto wangu ana wiki saba. Nesi wa kliniki alinikanya nisilale naye. Mama mkwe anacheka, anauliza kama mtoto atalala kwenye sufuria. Nimsikilize nani?

Kwa sasa msikilize nesi. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na mzazi, karibu na kitanda, lakini kwenye malalo yake mwenyewe, kwa angalau miezi 6. Vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini hutokea zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, na katika umri huo pua ikizibwa mtoto hana nguvu ya kujinasua. Chumba chenu tayari ni kimoja, kwa hiyo nusu ya ushauri umeshaufuata. Malalo nayo si lazima yatoke dukani. Kigodoro chembamba, kigumu, kilichotandikwa vizuri kando yako kinatosha, mradi neti inamfunika.

Lakini najua saa tisa usiku mambo huwaje. Unamwinua anyonye, unaegemea kidogo, ukishtuka kumekucha. Ukiona usingizi unakushinda, heri ukukute kitandani kuliko kwenye kochi. Akina mama wengi hukimbilia kochi wakidhani wanaepuka hatari, kumbe kochi ndilo baya zaidi: mtoto huteleza akabanwa kati ya mto na mwili wako. Basi ukipanda naye kitandani, ondoa mito upande wake, blanketi liishie kiunoni mwako, na umlaze chali. Asiwekwe katikati yako na baba yake. Tazama pia upande wa ukuta, maana ule mwanya wa vidole vinne kati ya godoro na ukuta unatosha kumnasa. Kisha bonyeza godoro lenyewe. Kama limefanya shimo pale unapolala kila siku, mtoto atabingirika akufuate humo.

Kama alizaliwa kabla ya wiki 37, au alikuwa chini ya kilo 2.5, hapo sina la kulegeza: asilale kitandani mwenu kabisa katika miezi hii.

Na punguzeni nguo, jamani. Hii ni Kisumu. Naona watoto wamevishwa sweta, kofia ya uzi na soksi, kisha shali juu, na mama mwenyewe anajipepea kwa kijitabu cha kliniki. Joto la kupita kiasi usingizini ni hatari pia. Mguse shingo kwa nyuma. Ikiwa na jasho, vua moja. Kofia haina kazi ndani ya nyumba.

Mama mkwe usibishane naye. Tandika tu.

Mimi ni baba, niko Free Area, Nakuru. Ijumaa nikitoka kazini napitia mahali na wenzangu. Siku hizo mke wangu humbeba mtoto wa miezi mitano na kwenda kubanana na mabinti wetu wakubwa kitandani kwao. Naona kama ananidharau.

Hakudharau, bwana. Mtu aliyekunywa halali, anazimika. Umlalie mtoto mkono hutasikia, awe amekunywa bia au busaa. Dawa za mafua zinazoleta usingizi huwa hivyohivyo, na hilo linamhusu mama pia. Ukiwa unavuta sigara, hata kama unavutia nje, hatari kwa mtoto anayelala kando yako huongezeka.

Ila naona kosa moja katika mpango wenu: anayehama si yule anayestahili kuhama. Kitanda cha mabinti kimejaa, na mtoto wa miezi mitano hafai kubanwa kati ya watoto wenzake. Siku ya Ijumaa wewe ndiye ulale sebuleni, yeye abaki chumbani na mtoto awe kwenye malalo yake.

Na kwa kuwa tumegusa dawa: kumpa mtoto Piriton, dawa ya mzio inayoleta usingizi, ili alale muda mrefu ni hatari. Acheni, hata kama jirani aliwapa wake na hawakudhurika.

Tuko Ahero, Kisumu, karibu na mashamba ya mpunga. Watoto wa miaka miwili na minne wanalala nasi kwa sababu ya neti. Nikiwashusha chini mbu watawamaliza, nikiwaacha hatulali. Tulipewa neti tatu, lakini moja tulizungushia vifaranga.

Nimecheka, kisha nikasikitika, maana najua si wewe peke yako.

Hapo malaria ndiyo inayotangulia. Watoto wa umri huo wameshavuka ile hatari ya kukosa hewa niliyoieleza juu, kwa hiyo mnachopoteza ni usingizi tu. Hata hivyo neti hugawiwa kwa hesabu ya moja kwa watu wawili, na ile ya vifaranga ndiyo ya hawa wawili. Kama haijachanika, ifue taratibu kwa sabuni ya kawaida, ianike kivulini, uifunge kwa kamba kwenye pembe nne juu ya godoro lao. Godoro likiwa chini, pindo liingie chini yake pande zote. Watu hufunga juu vizuri wakaacha chini wazi, na mbu akiingia humo analala nao mpaka asubuhi. Godoro liwe na upana wa kutosha ili mkono usiegemee neti, kwa sababu mbu humuuma mtu akiwa nje ya neti.

Fungua pia vijitabu vyao vya kliniki. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, Kisumu ikiwemo. Dozi ni nne, na ya nne ndiyo inayosahaulika kwa kuwa huja muda mrefu baada ya ya tatu. Lakini aliyechanjwa bado alale ndani ya neti.

Kijana wangu ana miaka minne na nusu, analala kati yetu. Baba watoto amenuna miezi sasa. Nikimtoa analia mpaka anatapika, nami nashindwa. Halafu kuna lile jambo letu sisi wawili, unaelewa. (Siaya)

Naelewa sana.

Hapo kwenu Siaya, zamani swali hili lisingefika kwenye gazeti. Mtoto akikua kidogo alihamia kwa nyanya, kwenye nyumba yake iitwayo siwindhe, akalala na wenzake huku dani, yaani nyanya huyo, akiwasimulia hadithi. Baadaye wavulana wakajenga simba zao, vile vibanda vya vijana. Tazama jinsi ilivyokwenda: mtoto aliondoka kwa mama, lakini hakuna aliyemlaza peke yake. Sisi tunamtoa kwenye mwili wa mama tunamfungia chumba cha giza, halafu tunamwita mkaidi. Ninavyoona mimi, watoto wengi hawakatai kitanda kipya, wanakataa upweke.

Kwa hiyo anza ndani ya chumba chenu. Weka godoro lake chini upande wako, ulale naye hapo hadi asinzie, kisha upande kitandani. Akizoea, sogeza godoro kwenye chumba cha ndugu zake, walale pamoja. Atarudi usiku, hilo lijue. Mshike mkono, umrudishe bila taa, bila hotuba, na bila kumtisha kwa zimwi au askari. Baba pia afanye zamu yake, badala ya kununa. Ila msianze wiki anayoingia chekechea au mnayohama nyumba.

Kuhusu lile jambo lenu: miaka minne na nusu ni mingi. Msidhani kila aliyefumba macho amelala, na Jumatatu mwalimu atasimuliwa yote. Sebule ipo.

Molo kuna baridi. Tunaingiza jiko la makaa chumbani mpaka tusinzie, kisha tunaliacha. Kuna shida?

Kuna kifo. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala moshi wa kukuamsha. Jiko litoke kabla ya mtu yeyote kulala. Watoto wavae soksi na walale karibukaribu.

Mwanangu, mimi ni kukhu, yaani nyanya, Webuye. Ninalea wajukuu watatu kwenye kitanda kimoja. Wa miaka sita anakojoa, wenzake wanamkataa. Fimbo haijasaidia.

Na haitasaidia, kukhu. Hakojoi kwa uvivu, anakojoa akiwa usingizini, na watoto wengi wa umri wake bado hukojoa. Ukiuliza vizuri, huenda baba yake au mama yake alikuwa hivyohivyo.

Chai ya usiku aipate mapema, na aende msalani kabla ya kulala. Kama choo kiko nje gizani, weka ndoo ndani, maana wengine hujibana kwa woga. Funika godoro kwa nailoni, juu yake leso kuukuu iliyokunjwa. Kitandani walale mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, yeye pembeni na blanketi lake mwenyewe. Godoro likilowa lianike nyuma ya nyumba, asibebeshwe kichwani mbele ya majirani.

Lakini kama alikuwa ameacha kwa miezi mingi kisha akaanza upya, au anasikia uchungu akikojoa, au anakunywa maji kupita kawaida na kukonda, mpeleke hospitali wiki hii.