Deni la madirisha ya chuma Nakuru: muda wa kushtaki haujakwisha

Ndugu fundi, umeeleza kwamba ulimtengenezea mkandarasi wa Nakuru madirisha ya chuma, ukayafikisha Aprili 2021, na kwamba mara ya mwisho alikutumia shilingi 20,000 kwa M-Pesa Februari 2023, akabaki na deni la 184,000. Umeambiwa kwamba siku 60 zikipita huwezi kushtaki. Umepotoshwa, na inaniuma kuona mtu akikaribia kuiachilia haki yake kwa sababu ya neno la mtaani. Siku 60 ni muda ambao sheria inaipa Mahakama ya Madai Madogo kuamua kesi tangu ilipofunguliwa. Wewe mdai wa mkataba una miaka 6. Zaidi ya hayo, mdaiwa akilipa sehemu ya deni, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya tangu malipo ya mwisho, kwa hiyo ule ujumbe wa M-Pesa wenye jina lake na tarehe ni ushahidi wa kutunzwa kama dhahabu. Omba taarifa rasmi ya miamala yako, uiambatanishe na hati aliyotia sahihi alipopokea mzigo.

Deni lako liko ndani ya kikomo cha shilingi 1,000,000 cha mahakama hiyo, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Hata hivyo jiandae kikamilifu kabla ya kufungua kesi, kwani rufaa kwenda Mahakama Kuu husikilizwa kwa hoja za kisheria tu.