Jibu: maji ya pipa yanayojichora, nani anayeyakoroga?

Ndugu, umeuliza kwa nini maji ya kijani ya pipa lenu hapo Kadutu, ukiyamimina kwenye sahani nyeupe, yanajichora vidoa na michirizi bila mtu kuyagusa. Waliotangulia kukujibu wamesema ni joto la jua. Sikubaliani nao. Nafundisha biolojia hapa Bukavu, na maji ya namna hiyo huwa nayaweka darasani. Huchora hata siku za baridi, jua likiwa halijaonekana.

Wanaokoroga ni viumbe waliomo. Weka tone chini ya hadubini utawaona, kila mmoja seli moja tu, wakiogelea kwa mikia. Chlamydomonas, aina ya mwani wa seli moja, kwa mfano, ana upana wa mikromita 10 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na huogelea karibu mikromita 100 kwa sekunde. Ni mzito kuliko maji kwa takriban asilimia 5, lakini hupanda juu. Hapo ndipo penye utamu: wakishajazana juu, tabaka lao linakuwa zito kuliko maji ya chini yake, nalo haliwezi kukaa hivyo. Linaporomoka kwa michirizi, maji mengine yanapanda pembeni, waogeleaji nao wanapanda tena. Mwanafizikia John Kessler alionyesha mwaka 1985 kwamba mkondo unaoshuka unawageuza miili hadi wanaelekea katikati yake. Kwa hiyo mchirizi mwembamba unazidi kujaa, unazidi kuwa mzito, unashuka kwa kasi zaidi. Mimi sijaona jambo zuri kuliko hilo katika somo letu lote!

Habari hii si mpya. Mwanasayansi Harold Wager aliichunguza kwa Euglena, kiumbe mwingine wa seli moja, mwaka 1911, na jina la bayokonveksheni, yaani maji kuzungushwa na viumbe wanaoogelea, lilitolewa na mwanasayansi Platt mwaka 1961.

Usiniamini kwa maneno. Gawa maji kwenye sahani mbili, ziweke pamoja, moja itie matone ya iodini. Viumbe wakifa, michoro inafutika nao wanatua chini. Sahani ya pili inaendelea, ilhali joto ni lilelile. Kisha ongeza au punguza kina cha maji, uone nafasi kati ya vidoa inavyobadilika.

Na dada aliyeuliza kama wanaweza kulikoroga Ziwa Kivu: hapana. Katika ziwa Cadagno, Uswisi, bakteria Chromatium okenii huchanganya kweli tabaka la maji, ila ni tabaka jembamba. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, na maji yake ya chini yamelemewa na chumvi na gesi ya kabonidioksidi iliyoyeyuka, hivyo ni mazito mno kuchanganyika na ya juu.