Mwaka wangu ni 1956

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni mwaka upi wa karne ya 20 unaoieleza vizuri zaidi dunia tunayoishi. Najua wengi watataja 1945 au 1989, na wana sababu zao. Mimi nachagua 1956, na hasa majuma yake mawili, Oktoba 23 hadi Novemba 6, kwa kuwa sikijui kipindi kingine kifupi kiasi hicho ambamo wakubwa wa pande zote mbili za Vita Baridi, Magharibi na Wasovieti, walivuliwa nguo hadharani.

Mwaka wenyewe ulianza kwa matumaini. Sudan ilipata uhuru Januari 1, Moroko na Tunisia zikafuata mwezi Machi. Februari 25, mjini Moscow, Nikita Khrushchev aliwahutubia wajumbe wa mkutano mkuu wa chama chake milango ikiwa imefungwa, akaanika kwa saa nne hivi maovu ya Stalin, ambaye miaka mitatu tu kabla ya hapo alikuwa ameliliwa kama baba. Siri hiyo haikukaa. Kufikia Juni hotuba ilikuwa imechapishwa gazetini Marekani, na Ulaya Mashariki watu wakaanza kuuliza kwa sauti maswali waliyokuwa wamezoea kuyameza.

Julai 26, Gamal Abdel Nasser alisimama mbele ya umati mjini Alexandria, wiki moja baada ya Marekani kuondoa ahadi yake ya kusaidia kugharimia Bwawa la Aswan. Katika hotuba yake alilitaja na kulirudia jina la de Lesseps, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Suez, na jina hilo lilikuwa ishara: watu wake, waliokuwa wakimsikiliza redioni, walipolisikia tu wakaingia katika ofisi za kampuni ya mfereji na kuzitwaa. Ilidhaniwa kwamba Wamisri wasingeweza kuziongoza meli humo. Septemba marubani wengi wa kigeni waliacha kazi kwa pamoja, na meli zikaendelea kupita.

Uingereza na Ufaransa zikala njama na Israel huko Sèvres, karibu na Paris: Israel ishambulie, kisha wao waingie wakijifanya wasuluhishi. Israel ilivuka mpaka Oktoba 29. Wakati huo Budapest, mji mkuu wa Hungaria iliyokuwa chini ya Wasovieti, ilikuwa imekwisha kuwaka, maana Oktoba 23 waandamanaji walikuwa wameiangusha sanamu kubwa ya Stalin, zikabaki buti zake tu juu ya msingi. Oktoba 30 Moscow ilitangaza kwamba iko tayari kujadili kuondoa majeshi yake Hungaria. Kesho yake iligeuza uamuzi, na katika kikao hicho Khrushchev alitoa hoja kwamba wakiiachia Hungaria, mabeberu wataiongeza juu ya Misri. Sidai kwamba Suez peke yake ndiyo iliyovirudisha vifaru Budapest, lakini nashikilia kwamba London na Paris ziliwapa Wasovieti kisingizio, na kuwanyima Wahungaria macho ya dunia siku walipoyahitaji mno.

Kiini cha jibu langu kimo katika Umoja wa Mataifa. Oktoba 30 Uingereza na Ufaransa zilipiga kura ya turufu katika Baraza la Usalama kuhusu Suez. Novemba 4, vifaru vikiwa ndani ya Budapest, Umoja wa Kisovieti nao ukapiga yake. Mashauri yote mawili yalipelekwa kwenye vikao vya dharura vya Baraza Kuu, na yote mawili yakapata kura nyingi za kutaka majeshi yaondoke. Moja likatiiwa, jingine likapuuzwa. Ukiuliza kwa nini, jibu limo benki: pauni ilikuwa inaporomoka, akiba ya fedha za kigeni inayeyuka, na serikali ya Eisenhower ikakataa kuinusuru Uingereza au kuiachia mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka mapigano yasitishwe. Novemba 6, siku moja tu baada ya askari wa miamvuli kutua Port Said, Waziri Mkuu Anthony Eden alisalimu amri. Kabla ya mwaka kwisha, Waingereza na Wafaransa wakawa wameondoka, na kikosi cha kwanza cha walinda amani wenye silaha wa Umoja wa Mataifa kimeingia Misri.

Moscow haikuwa na wa kuidai. Wahungaria wapatao 2,500 waliuawa, wengine wapatao 200,000 wakaikimbia nchi, na Waziri Mkuu Imre Nagy, aliyekuwa ametangaza kujitoa katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa Wasovieti na wafuasi wao, akanyongwa Juni 16, 1958.

Nayapita mengine kwa haraka, ingawa kila moja lingetosha barua yake: wanawake wapatao 20,000 walioandamana Pretoria, Afrika Kusini, Agosti 9 kupinga pasi, vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, kukamatwa kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau nchini Kenya, Oktoba 21, na kesho yake Wafaransa kuiteka ndege iliyombeba Ahmed Ben Bella, kiongozi wa wapigania uhuru wa Algeria. Yaliyotokea Suez hayakuzing'oa himaya za Uingereza na Ufaransa kwa siku moja.

Na kwa wanaochagua 1989, nawaomba waangalie ulivyokwenda mwaka huo huko Hungaria. Juni 16, miaka 31 kamili tangu anyongwe, Nagy alizikwa upya kwa heshima mbele ya umati mkubwa Budapest, na Septemba serikali ikawafungulia Wajerumani wa Mashariki mpaka wa Austria, miezi miwili kabla ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa.