Hulka ya meneja na kazi alizopitia: kipi huunda uongozi wake?

Umeuliza iwapo meneja huongoza kwa hulka aliyo nayo au kwa yale aliyoyapitia kazini. Kwa nilivyojionea, hulka ndiyo inayoamua mtu ajifunze nini kutokana na yaliyomfika, kwa hiyo sioni namna ya kuvitenganisha.

Mimi ni mkimya, na kabla ya kukabidhiwa idara nilifanya ukaguzi wa hesabu kwa miaka tisa. Katika kazi ile, kosa la tarakimu moja ni lako hata kama limefanywa na mwingine, maana wewe ndiwe uliyetia saini. Nilipopandishwa cheo nikaendelea kukagua badala ya kuongoza: kila ripoti ilipita mezani kwangu, nikaikatakata na kuiandika upya kwa wino mwekundu, nikiamini kuwa huo ndio umakini. Siku moja kijana mmoja wa idara yangu akaniletea ripoti isiyo na hitimisho, kichwa cha sehemu hiyo kipo na chini yake ni karatasi tupu. Nilipomuuliza, alijibu kwa adabu: "Bosi, nimekuachia nafasi, kwa sababu utaiandika mwenyewe." Hakukuwa na kejeli yoyote katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwenzangu niliyeanza naye ukaguzi, tukakemewa na mkuu yule yule kwa makosa yale yale, alitoka na somo jingine kabisa. Yeye ni mchangamfu, hawezi kukaa na jambo bila kulizungumza, na alipopata umeneja aliwazoesha watu wake kusomeana kazi kabla haijamfikia. Naye ana kasoro yake: uamuzi wa dakika kumi huuzungusha kwa watu wote hadi wiki inakwisha.

Utafiti uliokusanywa na Timothy Judge, mtafiti wa tabia za watu kazini, na wenzake mwaka 2002 ulionyesha kuwa uchangamfu ndio unaohusiana na uongozi kwa uthabiti zaidi kuliko sifa nyingine kuu za hulka. Sikatai, ila kuonekana kiongozi na kuongoza vizuri ni mambo mawili. Mimi hunivutia zaidi jaribio la mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake la mwaka 1939, ambamo viongozi wale wale walibadilishana mitindo ya kuongoza mbele ya vikundi vya wavulana: mtindo ulivalika na kuvulika bila hulka kubadilika. Katika baadhi ya vikundi vilivyoongozwa kiimla, kiongozi alipotoka chumbani kazi ilizorota. Niliposoma hayo nilikumbuka likizo yangu ya kwanza, niliporudi na kukuta ripoti zote zimerundikwa mezani zikinisubiri.

Hamu ya kufuta haijaniisha mpaka leo. Ninachofanya sasa ni kuandika swali pembeni kwa penseli, kisha nairudisha ripoti kwa mwenyewe.